Ngazi Isiyo na Majina

Mlango wa Unguja una majina mengi kuliko mwenye nyumba. Mfaa uliosimama katikati, miimo ya pembeni, kizingiti, upapi, njumu za shaba: kila kipande kina jina lake, na seremala akitajiwa hana haja ya kuonyeshwa kwa kidole. Vuka kizingiti hicho, uikabili ngazi ya mbao ya kupandia orofani, na maneno yanakuishia.

Yalinikuta hayo katika nyumba ya jamaa zangu, Mji Mkongwe. Viguzo vinavyobeba mkono wa ngazi vilikuwa vimeng'oka saba. Nikamwambia fundi, "Nataka nguzo ndogo saba." Akaniletea saba, za pembe nne, zimenyooka kama miguu ya meza. Kosa lilikuwa langu.

Sababu si ngumu kuiona. Ngazi za nyumba kongwe za mawe zilikuwa za mawe pia, zimebanwa baina ya kuta mbili. Mpandaji alishika ukuta. Mlango ndio uliotazama njia, ukapata nakshi na majina. Ngazi za mbao za fahari zilienea pamoja na utajiri wa karne ya 19 na mafundi wa Kihindi. Lugha ilikuwa na ngazi, neno linalotosha hata kwa ile ya kuegemeza mwembeni, na ilikuwa na kidato, pengo la kukanyagia mkwezi wa mnazi. Kidato nacho kimekwenda shule, hakijarudi.

Ninaowalaumu ni sisi waandishi. Tukisimama mbele ya Dispensari ya Zamani, jengo alilolianzisha Tharia Topan mwaka 1887 na likamalizika 1894, tunayameza yote kwa neno moja: nakshi. Hapana. Nakshi huchongwa kwa patasi juu ya ubao. Kiguzo cha mviringo, chenye shingo na tumbo, hukerezwa kwenye keezo. Ni kazi mbili, na mara nyingi ni mafundi wawili. Wengine wameleta "reli ya mkono", kana kwamba ngazi inasubiri treni. Mkono wa ngazi watosha. Kiti nacho kina mikono, wala hakuna aliyelalamika.

Nilirudi kwa fundi na kiguzo kimoja kizima mkononi. Akakigeuza, akacheka.

"Kumbe ulitaka vya kukereza, mzee wangu! Ungesema."

Nikamwuliza lile tufe lililokaa juu ya nguzo ya chini, pale ngazi inapoanzia, yeye huliitaje. "Kilemba," akajibu, bila ya kufikiri. Sijalikuta kamusini kwa maana hiyo, na sioni litakaloshinda.

Vile viguzo saba hakuvifanya yeye. Keezo hana. Alinielekeza kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mji, naye hukereza siku ambazo macho yanamruhusu.