Drohobych: Mji Usiotajwa Jina

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bruno Schulz alicheza kwao maisha yake karibu yote. Alizaliwa Drohobych mwaka 1892, akafundisha uchoraji shuleni hapo hapo, na tarehe 19 Novemba 1942 afisa wa Gestapo akampiga risasi barabarani, hapo hapo. Katika miaka hiyo 50 mji ulitawaliwa na Austria, Poland, Muungano wa Sovieti na Ujerumani, bila kuhesabu miezi michache ya jamhuri ya Waukraine baada ya Vita vya Kwanza. Leo uko magharibi mwa Ukraine.

Schulz alikuwa Myahudi, aliandika kwa Kipolandi, na kwao ni Ukraine. Kwa hivyo kila mtu anamtaka. Lakini ukifungua kitabu chake cha 1934, Sklepy cynamonowe, yaani Maduka ya Mdalasini, utatafuta jina la Drohobych usilione. Wengi wetu tunakijua kwa tafsiri ya Kiingereza ya Celina Wieniewska, The Street of Crocodiles. Humo mna baba mwenye duka la vitambaa anayeangua mayai ya ndege wa ajabu darini, hadi Adela, mjakazi, anapowatimua wote. Mna mvulana anayetumwa nyumbani kutoka ukumbi wa maigizo kuchukua pochi ya baba, akapotelea kwenye barabara zinazozidi kuongezeka usiku.

Wahakiki hupenda kusema hizi ni ndoto tu. Mimi sikubali. Soma ile stori ya Mtaa wa Mamba. Kwenye ramani ya baba, mtaa huo umeachwa mweupe, kama nchi isiyojulikana. Ukifika huko, maduka ni kama ya karatasi, bidhaa ni feki, na duka la nguo linageuka kuwa kitu kingine kabisa. Hiyo si ndoto. Ni mji halisi ulioingiliwa na pesa za haraka. Mafuta yalikuwa yamechimbuliwa Boryslav, karibu sana na hapo, na biashara ya zamani ya kina baba Jakub ikaanza kuonekana ya kizamani. Schulz aliyaona yote hayo akiwa dirishani pa duka.

Na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Kutoka dirishani unaona wateja, huoni waliochimba. Mkulima wa Kiukraine na kibarua wa visimani karibu hawamo kitabuni. Adela mwenyewe, ambaye nyumba nzima inamtegemea, anabaki mtu wa ufagio na miguu mizuri. Lugha ya Schulz ni tamu kiasi kwamba unaweza kumaliza kitabu bila kujiuliza utajiri wa Mtaa wa Mamba ulitoka mikononi mwa nani.

Jibu liko kwa jirani yake. Ivan Franko, mtoto wa mhunzi, alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Nahuievychi na kusoma Drohobych. Riwaya yake kuhusu Boryslav, iliyotoka kwa sehemu gazetini kuanzia 1881, inawafuata vibarua wa mafuta wanaochanga pesa na kupanga mgomo. Kisanaa haimfikii Schulz. Wahusika wake wakati mwingine huongea kama wako mkutanoni, na hakuimaliza. Lakini ndani yake unajua nani analala njaa, na kwa nini.

Tatizo ni kwamba tunasoma mmoja na kumwacha mwingine, kutegemea tuko upande wa nani. Kuna mfano wake ukutani. Mwaka 1942 Felix Landau, afisa wa Gestapo aliyemtumia Schulz kama mchoraji wake, alimfanya achore picha za hadithi za watoto kwenye chumba cha mtoto wake. Mwaka 2001 picha hizo zikagunduliwa, na miezi michache baadaye watu wa Yad Vashem wakabandua sehemu yake na kuipeleka Jerusalem. Vipande vingine vilibaki Drohobych. Kelele zikawa nyingi: ni mali ya nani? Kila upande ulikuwa na hoja. Wayahudi wa mji ule karibu wote waliuawa na Wanazi, na baada ya vita Wapolandi wengi wakahamishwa. Waliobaki ndio waliorithi kuta, na walikuwa na haki ya kuuliza mbona hawakushirikishwa.

Ila swali la mali linatufanya wasomaji wavivu. Ukimweka Schulz kabatini kama mtakatifu wa taifa fulani, huhitaji tena kugombana naye kuhusu Adela wala vibarua. Anza na Mtaa wa Mamba, kisha tafuta Franko, hata kama utachoka katikati. Ukirudi kwa Schulz utausikia ule mtaa mweupe wa ramani ukinuka mafuta.