Pongezi kwa Watu wa Maabara

Figo ikipandikizwa, sifa humwendea daktari mpasuaji. Zangu nawapa watu wa maabara. Huanza na kundi la damu, wakaja kwenye vinasaba vya HLA, vya kulinganisha tishu, kisha kipimo ninachokistahi kuliko vyote: majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na chembe nyeupe za mchangiaji. Chembe zikifa, upasuaji husimama, hata kama mchangiaji ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki, huko Los Angeles, walionyesha kwamba kipimo hicho kikipuuzwa, figo nyingi hukataliwa mapema. Katika Hospitali ya Muhimbili nako, kulikoanza upandikizaji wa figo Novemba 2017, majibu ya maabara yanaweza kumrudisha nyumbani kaka, dada, hata mama (naye kaja ameshajitoa!) na figo zake zote mbili.