Hesabu ya Mwaka ya Maktaba ya Chuo Kikuu, Kutoka Mlangoni Hadi Ripoti

Takwimu za mwaka za maktaba ya chuo kikuu hujibu maswali mawili: maktaba ina nini, na kilichomo kimetumikaje. Swali la kwanza ndilo kongwe zaidi. James Thayer Gerould, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza kukusanya takwimu za maktaba za vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka wa masomo wa 1907/08: majuzuu, matumizi ya fedha, watumishi. Chama cha Maktaba za Utafiti, ARL, kilichoundwa mwaka 1932, kilichukua kazi hiyo kuanzia 1961/62. Kwa miongo mingi maktaba zilipimwa kwa ukubwa wa rafu zake.

Kipimo hicho hakizitendei haki maktaba changa. Kwa mfano, mwanafunzi wa Ndhiwa, magharibi mwa Kenya, ana vyuo vikuu viwili vya umma karibu naye. Chuo Kikuu cha Rongo, kaunti ya Migori, kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilianza mwaka 2016 chini ya Chuo Kikuu cha Maseno na kikajitegemea mwaka 2022. Kwa idadi ya majuzuu, maktaba za umri huo zitaonekana maskini siku zote, hata kama kila kitabu kinapita mikononi mwa wasomaji kumi. Kwazo ripoti yenye maana ni ile inayojibu swali la pili.

Kazi huanza kwa kukubaliana juu ya kinachohesabiwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2789, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1974 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, hueleza maana ya ziara, uazimaji, mtumiaji hai na mtumishi wa muda wote. Kisha huja suala la mwaka wenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mwaka wa masomo una kalenda yake, na wachapishaji wengi huuza usajili wa majarida kwa mwaka wa kalenda. Matumizi ya mwaka mmoja yakigawanywa kwa gharama za mwaka mwingine, jibu linalopatikana halina thamani. Dawa ni kukusanya kila kitu kwa mwezi, ili miezi kumi na miwili yoyote iweze kujumlishwa, na kutaja kipindi hicho kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Ziara huhesabiwa na mashine ya mlangoni. Pale ambapo haipo, au umeme umekatika, huchaguliwa wiki chache za kawaida na za mitihani, watu wakahesabiwa kwa mkono, na makadirio ya mwaka yakatokana na wiki hizo. Uazimaji hujirekodi wenyewe katika programu kama Koha, inayotumiwa na vyuo vingi nchini. Kinachopotea kwa urahisi ni matumizi ya vitabu vinavyosomwa mezani bila kuazimwa, na katika maktaba yenye nakala chache za vitabu vya kozi hayo huweza kuwa sehemu kubwa ya matumizi yote. Koha ina njia ya kuyanasa: hufunguliwa akaunti maalumu ya takwimu, na vitabu vilivyoachwa mezani hupitishwa humo kabla ya kurudishwa rafuni. Ni kazi ya dakika chache kila jioni, nayo ikiachwa hakuna namna ya kuirudia mwisho wa mwaka.

Upande wa majarida ya kielektroniki una mitego mingi zaidi. Maktaba nyingi za vyuo vikuu Kenya hulipia majarida kwa pamoja kupitia muungano wao, KLISC, ulioanza mwaka 2003. Takwimu za matumizi hutoka kwa wachapishaji kwa kanuni za COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya machapisho ya kielektroniki. Mfano mzuri ni mwanafunzi wa afya ya jamii anayetafuta makala kuhusu utafiti wa VVU uliofanywa Ndhiwa mwaka 2012 na Madaktari Wasio na Mipaka, uliokuta maambukizi ya takriban asilimia 24 kati ya watu wa miaka 15 hadi 59. Akifungua muhtasari, kisha makala kamili kwenye skrini, kisha nakala ya PDF, toleo la 5 la kanuni hizo huandika uchunguzi mara tatu na maombi, yaani kufunguliwa kwa makala yenyewe, mara mbili, lakini ombi la kipekee moja tu. Akibofya kiungo kilekile mara mbili ndani ya sekunde 30, huhesabiwa mara moja. Gharama kwa kila matumizi ipigwe kwa maombi ya kipekee. Vinginevyo, tovuti inayomlazimisha msomaji kupitia kurasa mbili itaonekana kutumika maradufu. Makala huria pia ziondolewe kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa usajili haukuzinunua.

Kuna safu nyingine ambayo ripoti nyingi huiruka: maombi yaliyokataliwa, ama kwa sababu chuo hakina leseni, ama kwa sababu idadi ya watumiaji wa wakati mmoja imejaa. Hii inastahili ukurasa wake. Ndiyo pekee inayoonyesha msomaji aliyehitaji kitu akakikosa, na kwa maktaba inayoomba bajeti hakuna ushahidi wenye nguvu kuliko huo.

Majina ya wasomaji hayana nafasi katika ripoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa binafsi zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na jumla kwa kitivo au kwa ngazi ya masomo zinatosha. Jumla hizo hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi waliosajiliwa kipindi hichohicho, ndipo Rongo iweze kulinganishwa na chuo kikubwa zaidi. Mwezi ambao data yake haikupatikana huachwa wazi, ukiwa na maelezo chini ya jedwali. Kuujaza kwa wastani wa miezi mingine bila kusema huharibu ulinganisho wa miaka yote inayofuata.