Usanifishaji wa Majina ya Kazi katika Programu za Kuajiri: Uhakiki kwa Kurejelea Neno "Fundi"

Programu za kuajiri haziwezi kulinganisha tangazo la kazi na wasifu wa mwombaji bila orodha sanifu ya majina ya kazi na stadi. Haja hiyo ilikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1939 idara ya ajira ya Marekani ilichapisha kamusi ya majina ya kazi ili kuwasaidia maofisa wake kuwaunganisha wasio na kazi na waajiri. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa uainishaji wake wa kimataifa, ISCO, ambao toleo lake la 2008 lina makundi ya msingi 436. Juu ya msingi huo Umoja wa Ulaya ulijenga ESCO, iliyotolewa kwa ukamilifu mwaka 2017, na ambayo leo imo katika programu nyingi. Tofauti iliyopo ni kwamba ofisa wa 1939 aliweza kumuuliza mtu aliyeketi mbele yake, "Hasa hufanya nini?" Programu haiulizi swali hilo.

Katika ESCO kila kazi hupewa jina moja teule, na majina mengine huorodheshwa chini yake kama visawe. Utaratibu huu ni wa kileksikografia, na dosari yake pia ni ya kileksikografia: unachukulia kwamba majina hutofautiana kwa umbo tu, ilhali maana ni ileile. Orodha hiyo ipo katika lugha za Umoja wa Ulaya na nyingine chache, Kiarabu kikiwamo, Kiswahili hakimo. Hata hivyo, kukitafsiri tu hakungetosha, kama neno "fundi" linavyodhihirisha.

Fundi cherehani, kwa ISCO, yumo katika kundi 7531. Fundi seremala 7115. Fundi bomba 7126. Fundi magari 7231. Wote hao ni wa kundi kuu la saba, na hadi hapo uainishaji unafanya kazi. Lakini fundi sanifu, ambaye katika utumishi wa Tanzania yuko kati ya fundi mchundo na mhandisi, anaangukia kundi kuu la tatu, lenye kiwango cha juu zaidi cha ustadi. Mwombaji akiandika "fundi umeme" pekee, hajataja daraja lolote. Programu ndiyo inayompa daraja, na haimwambii. Isitoshe, neno lenyewe, lenye mzizi mmoja na "fundisha" na "mwanafunzi", hubeba sifa: fundi ni aliyeiva katika kazi yake. Sifa hiyo haina kisanduku cha kuijaza.

Lawama hapa haiiangukii ISCO moja kwa moja. Toleo la 2008 hupima kiwango cha ustadi kwa asili ya kazi yenyewe kwanza, kisha elimu rasmi, pamoja na mafunzo na uzoefu unaopatikana kazini. Kati ya vipimo hivyo vitatu, elimu rasmi ndiyo iliyo rahisi zaidi kwa mashine kuisoma, kwa sababu cheti kina jina, ngazi na mwaka. Mwajiri anapokifanya cheti kuwa sharti la kwanza la mchujo, kipimo cha pili hukimeza cha kwanza. Aliyejifunza gereji kwa miaka kumi huenguliwa kabla mtu yeyote hajamsoma.

Inaweza kutetewa kwamba bila usanifishaji hali ingekuwa mbaya zaidi, kwani aliyeandika "dereva wa lori" asingeonekana na mwajiri aliyetafuta "dereva wa magari makubwa". Hoja hiyo ni sahihi, ila inahusu visawe vya kweli tu. Haigusi majina yanayoficha daraja. Kwa haya, jawabu lililo karibu zaidi lipo tayari nje ya programu: VETA nchini Tanzania huwapima mafundi waliojifunza kazini na kuurasimisha ujuzi wao. Upimaji huo huanza na kazi ya mikono, na jina hufuata baadaye. Programu nyingi huanza na jina.