"Geto" la Dodoma: Kundi la Chamber Squad na Kiswahili Chake

Wapo wataalamu wa lugha wanaodhani kwamba tungo za vijana ziitwazo "bongo fleva" hazistahili kuchunguzwa, kwa kuwa hazina mizani iliyohesabiwa wala vina vya kati na vya mwisho kama alivyotufundisha Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Maoni hayo yana heshima yake, walakini yamelifunga jicho letu tusiione kazi ambayo Kiswahili kimefanyiwa kwa muda wa miaka thelathini na zaidi. Katika makala hii nakusudia kulitazama kundi moja tu, nalo ni Chamber Squad la Dodoma, lililokuwa na vijana wanne: Albert Mangwea ajulikanaye kwa jina la Ngwair, Noorah, Mez B na Dark Master.

Asili ya sanaa yao si ya hapa, wala hapana haja ya kuificha. Ilitoka Marekani, ikaingia kwa kanda na kwa sinema. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir wa Dar es Salaam alithubutu kuitia maneno ya Kiswahili, likafuata kundi la Kwanza Unit. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipoziruhusu redio za watu binafsi, sauti za vijana zilipata mlango. Hata jina Chamber Squad humkumbusha msikilizaji lile kundi la New York, Wu-Tang Clan, lililotoa mwaka 1993 sahani yenye kutaja vyumba thelathini na sita, na ambalo kila mwanachama wake alijijengea jina lake mwenyewe huku akihesabiwa kuwa wa kundi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa hawa wa Dodoma. Lakini neno la kigeni likifika kwetu halikai kama lilivyokuja. Sikio la Mswahili husikia "chemba", na mtu akivutwa chemba amevutwa faraghani ili aambiwe neno la siri. Na mtu wa Dodoma husikia zaidi ya hapo, maana Chemba ni jina la mahali katika mkoa wake.

Wimbo uliomtangaza Ngwair ni "Ghetto Langu", uliomo katika mkusanyo wake wa "A.K.A. Mimi" wa mwaka 2004, uliotoka katika studio ya Bongo Records ya P-Funk Majani. Nataka kukaa kidogo juu ya maneno haya mawili, kwa kuwa yana elimu zaidi kuliko yanavyoonekana.

Neno lenyewe lilizaliwa Venice, ambako mwaka 1516 Wayahudi walitengewa mtaa wao na malango yake kufungwa usiku. Marekani likawa jina la mitaa ya watu weusi maskini. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 haikuweza kulijua. Lilipofika Tanzania lilipungua ukubwa, likabadilika tabia: si mtaa tena bali ni chumba kimoja, chumba cha kijana asiyeoa, alichopanga au alichopewa uani kwao. Tena halina uchungu wa kufungiwa; lina furaha ya kufungua. Kijana mwenye geto ni mtu aliyetoka chini ya macho ya wazazi, mwenye ufunguo wake. Neno la utumwa limekuwa neno la uhuru, na aliyelifanya hivyo si mwandishi wa kamusi.

Sasa tazama "langu". Majina ya kigeni yasiyo na kiambishi hugawanyika kwetu: mengine huingia katika ngeli ya N, tukasema ofisi yangu, hoteli yangu, mengine huingia katika ile ya JI na MA. Kwa nini geto halikufuata ofisi? Nadhani lilijiunga na wenzake wa zamani, duka, soko, ghala na gereza, ambayo yote ni mahali pa kuingia na kutoka, na yote yana wingi wa MA. Kwa hiyo tunasema mageto bila kufikiri, na mtoto wa shule ya msingi hakosei. Wenye kuhofu kwamba maneno ya kigeni yanaharibu sarufi ya Kiswahili wangepaswa kwanza kueleza jambo hili, kwamba neno limekuja peke yake na sarufi yetu imelivika nguo palepale mlangoni.

Juu ya ufundi wa kutunga, Ngwair alisifiwa sana kwa kughani papo kwa papo bila maandishi, na sifa hiyo ni haki. Kiswahili kina vokali tano tu na vitenzi vyake vyote vyaweza kunyambuliwa, basi kina cha silabi moja ni rahisi mno. Mtu yeyote aweza kumaliza mistari kumi kwa "-ia". Ugumu uko katika mkazo. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ngoma ya Kimarekani hupiga mahali pengine kabisa. Mghani dhaifu hulivunja neno ili lifuate ngoma. Ngwair alikuwa akilichelewesha au kulitanguliza neno zima, hata mkazo wake na pigo vikakutana, na lugha ikabaki kama inavyosemwa barazani. Huo ni ujuzi wa mizani, ijapokuwa si mizani ya nane kwa nane.

Mez B alikuwa mwimbaji kuliko mghani, na sauti yake laini ndiyo iliyowapunguzia wenziwe ukali. Wimbo wake "Kikuku" ulirudisha midomoni mwa vijana neno la kale la pambo la mguuni.

Wako wanaowalaumu kwamba wametoka Ugogo bila kubeba kitu cha Wagogo. Hukwe Zawose, aliyeimba kwa Kigogo na kupiga ilimba na zeze, alitoa sahani "Chibite" mwaka 1996 kwa kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza. Alifariki Desemba 2003, karibu wakati ule ule geto la Ngwair lilipokuwa likienea. Lawama hii siikubali. Ngwair alizaliwa Mbeya, akasoma Mazengo. Dodoma yake ilikuwa ya reli, ofisi na shule, mji ulioamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu, ambamo watoto wa makabila mengi walikutana kwa Kiswahili tu. Aliimba lugha ya mji wake. Lawama iliyo ya haki ni nyingine: majigambo yamezidi, na mwanamke katika tungo nyingi za wakati ule ni kitu cha kutazamwa, hana neno la kujibu. Kadhalika kundi lilisikika zaidi kwa mtu mmoja mmoja kuliko kwa pamoja, na kazi yao ya pamoja ni chache mno.

Ngwair alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, akazikwa Morogoro. Mez B alifariki Dodoma Februari 2015. Walitunga wakati wa kanda za kaseti, ambapo mtunzi asiye na kampuni aliipeleka kazi yake kwa wasambazaji wa Kariakoo, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwa bado changa. Kanda hizo zinaharibika, na maneno ya kughani papo kwa papo hayakuandikwa popote na mtunzi. Yaliyoandikwa na mashabiki yamejaa makosa ya tahajia yanayoficha mkazo, yaani yanaficha jambo lile lile tunalotaka kulichunguza. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina walimu wa Kiswahili na kiko katika mji wenyewe. Noorah na wengine waliowajua marehemu wangeweza kuulizwa, na tungo kuandikwa kwa alama za mkazo, pamoja na mahali na tarehe ya kila rekodi.