Uhai Uzini: Sanaa ya Kutunza Maua Yaliyochumwa

Sarufi ya Kiswahili imeliweka neno ua katika ngeli ya LI-YA, pamoja na jiwe na jembe, wala si katika ngeli ya A-WA wanamokaa watu na wanyama, kwa hiyo msemaji anaweza kuyataja maua umri wake wote bila lugha kumkumbusha kwamba anataja viumbe hai. Mtaalamu wa mimea hutumia kipimo kingine: huutafuta uhai katika kazi za seli, yaani vijumba vidogo mno vinavyoujenga mwili wa kila kiumbe. Kwa kipimo hicho, ua lililokatwa halijafa. Seli za petali zake zinaendelea kuvuta oksijeni na kuunguza sukari iliyokuwa akiba, ingawa mizizi iliyolinywesha na majani yaliyolilisha havipo tena.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatolewa na asumini. Ua hili jeupe, ambalo wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja wamelitungia makoja na vikuba kwa vizazi vingi (kikuba ni kifurushi kidogo cha maua na majani yanukiayo, kama asumini, mrihani, waridi na mkadi, kinachovaliwa kichwani au kifuani), huweza kuchumwa lingali tumba na likafumbua usiku, likiwa tayari limo uzini. Tumba lililokufa haliwezi kufanya hivyo, kwani kufumbua ni kazi: seli hujaa maji, hutanuka na kusukumana mpaka petali zikunjuke. Hata harufu yake haikuwa imehifadhiwa yote ndani kama mafuta chupani, bali huendelea kutengenezwa saa baada ya saa. Mafundi wa manukato wa mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, walilijua jambo hilo, ndiyo maana waliilaza asumini juu ya mafuta ya wanyama yaliyopakwa kwenye vioo, wakaiacha kwa siku nzima izidi kutoa harufu huku mafuta yakiifyonza, kisha wakaiondoa na kulaza maua mapya. Walichokifanya wao kwa vioo na mafuta, wanawake wa pwani wamekifanya kwa sindano na uzi: wameliacha ua limalizie kazi yake.

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kutunga, kwa maua, shanga na mashairi, na kinastahili, kwa kuwa kazi zote tatu zinadai jicho na mpangilio. Ila mtungaji wa maua ana deni asilokuwa nalo mtungaji wa shanga, maana kitu alichokishika kinapumua. Sindano hupitishwa chini, karibu na kikonyo, kwa sababu petali iliyojeruhiwa hugeuka kahawia upesi. Maua hukingwa na jua, hunyunyiziwa maji kidogo, na yakifunikwa kwa jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu hayapotezi maji haraka. Yakiloweshwa kupita kiasi huoza. Haya yataonekana mambo madogo kwa asiyewahi kuyafanya, lakini ndiyo yanayotofautisha koja la fundi na uzi wa maua yaliyosinyaa.

Waridi lenye kikonyo kirefu, kama yale yanayokuzwa kandokando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya na kusafirishwa kwa ndege hadi minada ya Uholanzi, lina adui mwingine. Ndani ya kikonyo chake mna zailemu, yaani mirija myembamba inayopandisha maji. Kikonyo kikikatwa, hewa huingia mirijani, na baadaye bakteria wanaozaliana katika maji machafu huiziba kabisa, hata waridi likainamisha shingo ilhali limesimama ndani ya maji tele. Wengi hudhani limezeeka, kumbe limekufa kwa kiu. Kwa hiyo kikonyo hukatwa upya, sentimita 2 au 3, kwa kisu kikali na ikiwezekana ndani ya maji, kwani mkasi butu huiponda mirija. Majani ambayo yangezama huondolewa, chombo huoshwa kwa sabuni, na maji hubadilishwa kila siku au kila baada ya siku mbili. Sukari kidogo ni chakula cha ua, lakini ni chakula cha bakteria pia, ndiyo sababu haifai kutiwa bila ndimu, ambayo asidi yake huwapunguza nguvu.

Joto nalo huharakisha upumuaji, na akiba ya sukari huisha mapema zaidi, hivyo waridi huwekwa kwenye vyumba baridi tangu shambani. Kuna pia ethilini, gesi inayotolewa na matunda yanayoiva, ambayo mtaalamu wa mimea Dimitry Neljubow aliitambua mwaka 1901 huko St. Petersburg alipochunguza kwa nini hewa yenye gesi ya taa ilipotosha miche ya njegere. Gesi hiyo huzeesha maua mengi, kwa hiyo bakuli la ndizi mbivu lisiwekwe karibu na chombo cha maua.

Asumini haina dawa ya namna hiyo. Hufumbua usiku mmoja, kesho yake petali huanza kugeuka kahawia, na alasiri mtungaji hurudi mtini kuchuma matumba mengine.