Baada ya Jina

Katika shule zetu nyingi mwanafunzi mgeni husimama, akataja majina yake matatu, shule alikotoka na mtaa anaoishi, kisha akaketi. Darasa huitikia "karibu", na shughuli ikaishia hapo. Katika darasa la elimu jumuishi, ambamo asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino na asiye na ulemavu wowote wanasoma chumba kimoja, utaratibu huo hautoshi hata kidogo. Mtoto anapofika mlangoni, macho ya wenzake yamekwisha kumtambulisha: fimbo nyeupe imesema, kofia pana imesema, kiti cha magurudumu kimesema. Atakayoyasema mwenyewe yatakuwa jibu kwa yaliyokwisha kusemwa. Ndiyo maana mwalimu anayejua kuyaongoza maneno hayo machache namhesabu kuwa fundi, na ufundi wake nauweka sawa na ule wa kumfundisha mtoto kusoma.

Wengi hudhani ugumu wenyewe ni kumtia mtoto ujasiri wa kusimama. Ujasiri hupatikana, ngumu ni kumsaidia achague la kusema. Utambulisho mzuri hubeba mambo mawili yatakayotumika kesho yake asubuhi: namna ya kuishi na mimi, na jambo mnaloweza kuniomba. Mwanafunzi mwenye ualbino na uoni hafifu akisema, "Nikae mbele, mbali na dirisha la jua, na anayeandika ubaoni asome kwa sauti, hesabu za kichwa niulizeni mimi," amewapa wenzake maelekezo, na juu yake ahadi. Kusoma kwa sauti hakugharimu hata shilingi, na kunamfaa hata yule aliyekaa nyuma ya nguzo. Mwanafunzi kiziwi, kwa upande wake, huandika jina lake hewani kwa vidole, herufi moja moja, kisha akatoa jina lake la alama, ambalo kwa desturi hupewa na viziwi wenzake kutokana na sura, tabia au kitu kinachomtofautisha: kidole kigusacho shavu penye dimpozi, tuseme. Mwalimu fundi hamruhusu akae hapo. Darasa zima hurudia alama ile, na mwanafunzi huyo hupita kati ya madawati akinyoosha vidole vilivyokosea. Kwa dakika hizo yeye ndiye mwalimu wa lugha, na wanaobabaika ni wale wanaosikia.

Hapo pana mtego, na walimu wenye nia njema ndio hunaswa mguu kwa wepesi. Mtoto asiyeona anayetumia kibao chenye vijitundu na kalamu ya kutobolea huandika nukta nundu kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa kinyume, ili karatasi ikigeuzwa zile nundu zisomeke kutoka kushoto. Inastaajabisha, na kishawishi cha kumsimamisha aonyeshe huku wenzake wakipiga makofi ni kikubwa. Lakini kwake hiyo ni kalamu tu, kama kalamu nyingine. Huenda anachojivunia ni kusuluhisha ugomvi, au kukumbuka nani anadaiwa nini na nani. Anayemdhania kila asiyeona kuwa ana sikio la muziki amemnyima nafasi ya kuwa na kipaji kisichohusiana na macho yake. Kwa hiyo fundi humwuliza mtoto kwanza, faraghani, na huwa tayari kupata jibu lisilowavutia wageni kutoka halmashauri.

Pingamizi zito linatoka katika malezi yetu wenyewe. Tumekuzwa tukiambiwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto anayesimama kutaja uwezo wake huonekana hana adabu. Nauheshimu msemo huo, ila unategemea mnunuzi anayetazama. Mtoto ambaye wenzake wameishia kwenye kiti chake cha magurudumu hana soko la namna hiyo. Wema wake utakaa mwaka mzima bila kuulizwa bei. Tena, kusema "niulizeni mimi" ni kujitolea kazi, na atakayejigamba bure ataumbuka kabla ya Ijumaa.

Wapo watakaouliza muda utatoka wapi. Kiwango cha shule za msingi Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi yamekipita mbali. Basi wazungumze watano kila asubuhi. Hata wakiwa 90, siku 18 za shule zinatosha. Swali la siri lina uzito zaidi, na hapo nakubali sehemu yake: mtoto mwenye kifafa hana deni la kuwaeleza wenzake ugonjwa wake, ilimradi mwalimu anajua la kufanya akianguka. Asiyetaka kusema asisemeshwe, na asiyeweza kwa mdomo alete kitu alichokitengeneza, au rafiki aseme naye akiwepo.

Wengine husema, kwa haki, kwamba maneno hayajengi njia mteremko wala hayanunui mashine ya nukta nundu. Tamko la Salamanca ni la mwaka 1994, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ni wa 2006, Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Bado kuna watoto wanaobebwa mgongoni kuingia darasani. Lakini mwalimu aliyesikiliza vizuri zile asubuhi anabaki na daftari lenye orodha ambayo haikuwepo: nani anahitaji maandishi makubwa, nani anasikia kwa sikio la kushoto tu, nani hafiki chooni bila kusaidiwa. Kamati ya shule inapokaa kupanga matumizi ya ruzuku, ombi la "vifaa kwa wenye mahitaji maalumu" ni rahisi kuahirishwa. Ukurasa wenye mahitaji yaliyotajwa na wanafunzi wenyewe, na mbele ya kila moja kazi ambayo mtoto huyo ataifanya akikipata kifaa, unamlazimu mwenyekiti kutoa sababu.